Uliza Mwalimu: Kitabu cha historia kimemnyima mwanangu usingizi

SWALI
Mwalimu salaam aleikum. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Bombo. Wa kwanza ana miaka kumi, wa pili saba, wa mwisho ni msichana wa mitano. Nawasomesha nyumbani tangu ile Korona, shule zilipofungwa Machi 2020 nikasema ngoja huyu mkubwa nimfundishe kusoma mwenyewe, mara mwezi mara mwaka, zilipokuja kufunguliwa Januari 2022 tukawa tumeshazoea na pesa ya karo nayo haikuwepo, basi tukaendelea hivyo hivyo.

Hesabu na kusoma hazinisumbui, kinachonishinda ni historia. Mwezi jana nilinunua kitabu Kampala, kava inasema ni cha watoto, rangi nzuri, nikampa huyu wa saba maana anasoma kumshinda hata kaka yake. Akafika kwenye mashahidi wa Namugongo, kuna picha peji nzima, watu wamefungwa ndani ya matete moto unawaka. Hakusema kitu. Jioni nimeweka sigiri uani nipike chapati, nimegeuka kuchukua mafuta nikasikia tshwaaa, mtoto kamwaga jagi zima la maji kwenye makaa. Namuuliza vipi, ananiambia ati dada asichomwe. Siku nne sasa halali mpaka aende mwenyewe aguse sigiri ahakikishe imepoa.

Mume wangu anasema kosa ni langu, ningenunua vile vya PLE tu, mtihani wa kumaliza msingi, basi. Na kuna lingine Mwalimu. Sisi ni Wanubi, baba mkwe alikuwa mwanajeshi wakati wa Amin, watoto wa jirani wakigombana na wangu huwaambia "nyie watu wa Amin", na huyu mkubwa ameanza kuuliza maswali. Vitabu vya kufaa umri wao nitavichaguaje, na haya mengine nianze kuwaambia lini?
Mama Swabra, Bombo

JIBU
Waaleikum salaam Mama Swabra, na pole kwa makaa, najua bei yake siku hizi. Lakini mtoto huyo usimgombeze kabisa. Amesoma, ameelewa, ameamini, akaenda kumwokoa dadake. Mi nimefundisha miaka thelathini na kitu huku Jinja na sina hakika kama nilipata wanafunzi kumi wa kusoma hivyo.

Shida iko kwenye zile namba za umri zinazoandikwa kwenye kava. Wenye kuchapa vitabu wakiandika "miaka 6 hadi 9" wanapima ugumu wa maneno, urefu wa sentensi, ukubwa wa herufi. Usiku wa mtoto hawaupimi. Wako anasoma kama wa miaka kumi lakini anaogopa kama wa miaka saba, na hivyo ni vitu viwili, mzazi avipime kila kimoja peke yake. Watoto wenye kusoma mapema ndio wanaumia zaidi na historia kwa sababu sisi wazazi tunafurahi, tunawakimbiza mbele, tunampa kitabu cha kaka yake, kumbe macho yamefika na moyo bado uko nyuma unakuja polepole.

Sasa leo jioni fanya hivi. Usimwambie ni uongo maana si uongo, na kitabu usikifiche, ukikificha atajua moto ni wa kweli kuliko alivyofikiria. Kaa naye, fungua peji ile ile, muulize ameona nini na we nyamaza. Utashangaa, huenda hata kinachomtisha sio moto wenyewe. Halafu mweleze muda, manake mtoto wa saba hana muda kichwani, kwake "zamani" ni juzi na ni jaja, bibi yake, akiwa mdogo na ni dunia ilipoumbwa, vyote pamoja. Kwake yeye Mwanga, yule mfalme wa Buganda aliyewaua, yuko hapo mbele kidogo ya Kawempe na anaweza kuja kesho. Mwambie mfalme huyo alishafariki, alifia visiwa vya Seychelles mwaka 1903, jaja yake yeye hajazaliwa, na mama yake jaja pengine naye bado. Mwambie na kinachoonekana leo: wale watu wanaopita hapo hapo Bombo kwa miguu kila mwisho wa Mei wakitoka Gulu na Lira, na fimbo na vikopo vya maji, wanakwenda Namugongo kuwahi tarehe 3 Juni kuwakumbuka vijana hao. Hiyo ni historia ya kumtosha mtoto wa miaka saba: kulikuwa na vijana, walikataa kuacha dini yao, mfalme akakasirika akawaua, na watu mpaka leo wanatembea siku nyingi kwa ajili yao. Kwa sasa mwachie hapo. Ule muktadha wa moto utamsubiri.

Huyu wa kumi ndo unaweza kumwongezea. Huyo mwambie mauaji yalikuwa kati ya 1885 na 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, kisha mwulize swali zuri kuliko yote, kwa nini. Mwanga aliingia kwenye kiti 1884 akiwa kijana wa miaka kama kumi na sita hivi, wageni wamejaa mlangoni, huyu Mwingereza, huyu Mfaransa, huyu Mwarabu, na watumishi wake mwenyewe wanatii mtu mwingine. Mtoto wa kumi anaweza kushika kwamba mtu mwenye hofu na mamlaka ni hatari, hata kwenye uwanja wa mpira amemwona. Na kwa kuwa nyie ni Waislamu mwambie pia kwamba miaka kama kumi kabla ya hapo, wakati wa Muteesa I, baba yake Mwanga, kuna vijana Waislamu nao waliuawa Namugongo kwa ajili ya imani, hilo vitabu vingi vinaruka. Kwenda Namugongo mnaweza, ni karibu, ila zile sanamu zinazoonyesha mauaji yenyewe pitieni mbali na huyu wa saba, mpelekeni aone kanisa na miti mrudi nyumbani.

Dukani sasa. Majina ya vitabu sitakutajia kwa sababu cha duka hili hukikuti duka lile, afadhali ujue jicho la kuchagulia. Mi nikishika kitabu cha historia cha mtoto naanza na picha, zote, mpaka mwisho, maneno baadaye. Mtoto huenda asisome kila neno lakini picha ataziona zote, na neno husahaulika, picha haisahauliki. Kisha nafungua katikati nasoma peji mbili kwa sauti, hapo hapo dukani, muuzaji aniangalie vibaya akitaka. Ulimi ukijikwaa mara tatu mimi mtu mzima, kitabu hicho si cha kumsomea mtoto wa mitano wakati anasinzia. Naangalia nani ana jina na nani hana. Kuna vitabu vya safari za wazungu utakuta Speke, yule mpelelezi Mwingereza, ana jina, mwenzake ana jina, mpaka bunduki inatajwa aina yake, halafu "wapagazi", "wenyeji", "chifu mmoja". Na naangalia neno moja tu, "aligundua". Mi ni mtu wa Jinja, hili linaniuma mwenzangu. Speke alifika hapa 28 Julai 1862 akakuta watu wanavua samaki kwenye maporomoko, mto una jina lake Kiyira, ng'ombe wanakunywa maji, ati "akagundua" Nile! Kitabu kikisema "alikuwa Mzungu wa kwanza kuona mto unapotoka ziwani" nakilipia. Kikisema aligundua, narudisha kwenye rafu, au kama ni rahisi sana nanunua na tunakisahihisha na mtoto kwa penseli, hilo nalo ni somo. Maporomoko yenyewe hayapo tena siku hizi, yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954, watoto huwa hawaamini kwamba kitu kikubwa namna ile kinaweza kuzamishwa.

Kwa huyo binti wa mitano usijitese na kitabu chenye neno historia juu. Historia yake iko kwenye sanduku la jaja. Kanzu ya babu, picha ya harusi iliyopauka, mlio wa ufunguo wa zamani. Hadithi za chimbuko zinamfaa, Kintu na Nambi kwa mfano, ingawa hata hizo uzisome we kwanza maana Walumbe ni kifo chenyewe kimekuja kukaa nyumbani. Na ile ya Waluo ya ndugu wawili, Gipir na Labongo, ya mkuki na shanga, hiyo nzuri mno lakini ina mtoto mchanga anayepasuliwa tumbo kutafuta shanga aliyoimeza. Nimeona vitabu vya picha vinachora mpaka kisu. Mi kwa wa mitano husimulia kwamba ndugu waligombana kwa sababu ya mkuki na shanga, hawakusameheana, wakazika shoka mtoni kule karibu na Pakwach, mmoja akaenda huku mwingine kule. Akikua atajua shanga ilikuwa wapi.

Baba Swabra mwambie hivi kwa upole. Huo mtaala wenyewe wa serikali hauwapi wadogo historia ya kukariri. P1 mpaka P3 tangu 2007 wanasoma kwa mada, nyumbani kwetu, shule yetu, jamii yetu, kwa lugha ya nyumbani. SST, somo la jamii, inaanza P4 na wilaya yao, P5 Uganda, P6 Afrika Mashariki, P7 Afrika. Kwa hiyo huyu mkubwa ndo mpeni kitabu cha P5 kiwe kama rula, mwone yuko wapi, lakini msimfanye alale nacho. Na mapema tafuteni shule yenye senta ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, itakayokubali kumsajili akifika P7, hiyo ndo kazi halisi ya baba, vitabu atuachie.

Haya, la Amin. Nimelizunguka kwa sababu si jepesi hata kwangu.

Mwaka 1972 nilikuwa na miaka saba, sawa na huyo wako wa sigiri. Mama alikuwa akishona kwenye duka la Mhindi hapa Main Street, mwenye duka alikuwa na binti rika langu, tulikuwa tunacheza chini ya meza ya cherehani tunaokota vifungo. Siku moja akanipa bati la penseli za rangi, akasema nimtunzie atarudi kuchukua. Nikatunza. Sikuchonga hata moja. Ilikuwa Agosti ile Amin alitangaza Waasia waondoke kwa siku 90, mji mzima unajua, mtoto hakuna aliyemwambia, watu wazima walikuwa wakiniona wananyamaza. Mi nilijua amenikasirikia. Mwaka mzima nilikuwa natafuta kichwani nilimkosea nini.

Ndo maana siamini ile ya "ni wadogo mno wasiambiwe". Mtoto asipoambiwa anajaza pengo mwenyewe na mara nyingi analijaza na yeye. Huyo mkubwa wako amekwisha kuambiwa tayari, na mtoto wa jirani, kwa tusi. Sasa amsikie mtu anayempenda. Ila usianze na Amin, utakuwa umemkubalia yule wa jirani kwamba Wanubi wanaanzia hapo. Anza 1891, Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipokwenda kuwachukua wale askari Wasudani waliobaki wa Emin Pasha, gavana wa zamani wa kusini mwa Sudan, akawaleta huku, na wake zao na watoto wao na mapishi yao. Mtoto aone kwamba watu wake walikuwepo miaka themanini kabla ya mtu huyo kushika nchi. Kisha mwambie ukweli bila kuupaka sukari: Amin alichukua serikali kwa bunduki 25 Januari 1971, watu wengi sana waliuawa, Waasia walifukuzwa, na Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni wakamtoa. Na umwambie kilichofuata pia, ambacho vitabu vya shule vinapita mbio: Wanubi wengi wasio na kosa walilipiziwa, wakakimbilia Sudan, Zaire, Kenya, nyumba zikabaki wazi.

Kwa umri wa kumi kitabu kinachosema Amin alikuwa chizi halafu basi, ni kitabu kibovu. Kinachosema alikuwa shujaa wa Waafrika halafu basi, ni kibovu vilevile. Na chochote chenye picha za mafuvu, iwe za wakati huo iwe za vita vya Luweero, kiweke juu ya kabati mpaka afike sekondari. Kitabu kizuri zaidi kwa hili mnacho uani, ni mzee mwenyewe. Mtoto aende na daftari na maswali matatu tu, ulizaliwa wapi, uliingia jeshi ukiwa na miaka mingapi, ulipikiwa nini siku ya kwanza. Mengine mzee akitaka atasema, asipotaka aachwe, na kunyamaza kwake huyo mtoto ataukumbuka akiwa mtu mzima. We kaa karibu umenye vitunguu.

SWALI
Mwalimu habari. Mimi na mke wangu tunatumia pakeji ya Marekani, ilikuja imekamilika na vitabu vya historia kwa kila umri. Binti yetu ana miaka minane, anajua meli ya Mayflower ilifika Marekani 1620, anajua Lincoln, juzi kaka yangu kamuuliza Kabalega ni nani akajibu ni aina ya chai. Tuiache?
Baba Joy, Kasese

JIBU
Aina ya chai! Nimecheka peke yangu kwenye taksi. Msiiache Baba Joy, pesa mmeshatoa, na hizo pakeji kupanga zinajua, angalia zinavyoanza na karibu, familia, mtaa, mji, ndo zinakwenda mbali. Tatizo ni kwamba karibu ya mtoto wa kule sio karibu ya Joy. Ibeni mpango muweke vyenu ndani. Wiki inayosema "mji wetu" mpelekeni stesheni ya zamani, mwulizeni reli ilikuja Kasese kufuata nini, jibu liko Kilembe, shaba, treni ilifika 1956. Wiki ya Lincoln mwambieni wakati Wamarekani wanapigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, ndo Speke anafika Jinja. Kabalega huyo, mfalme wa Bunyoro, alipigana na Waingereza miaka, akakamatwa 1899 pamoja na Mwanga, wakapelekwa Seychelles, akaruhusiwa kurudi akiwa mzee na akafia hapa kwetu Jinja 1923 kabla hajafika nyumbani Bunyoro. Mtoto wa minane hilo la kukaribia kufika litamshika kuliko vita vyote.

Vitabu vya Kiswahili vya historia ya Uganda kwa wadogo ni vichache, vingi vinatoka Tanzania na Kenya, vya kwetu vingi ni Kiingereza. Soma kwa Kiingereza, simulia kwa Kiswahili, hakuna polisi. Kwa hadithi fupi fupi za kujizoeza kusoma ingia African Storybook kwenye intaneti, ni bure, kuna Kiswahili na lugha zetu kadhaa, vimepangwa kwa kiwango, unachapa fotokopi unapiga pini.

SWALI
Mwanangu, mjukuu wangu ana miaka sita namfundisha mimi. Nimkaririshe tarehe?
Jaja, Busia

JIBU
Hapana jaja, mwache. Chukua kamba ya kuanikia nguo na vibanio, mwambie shibiri moja ya mkono wako ni miaka kumi. Mwanzo wa kamba ni leo, kibanio chake yeye kinakaa nusu shibiri tu. Uhuru, 9 Oktoba 1962, shibiri sita na kidogo. Treni kufika Kampala 1931, tisa na nusu hivi. Speke kumi na sita, hapo kamba itafika mlangoni. Cha kwako wewe kiweke pia. Wangu nilipomfanyia hivyo alisimama akaangalia sana, akaniuliza kwa nini kibanio changu kimekaa na Uhuru na hakikai na cha kwake.